Ampea Nne

Jumanne asubuhi ufunguo ulisema tk,
tk,
kama mtu anayesonya kwa adabu.
Taa za dashibodi zikafifia, rangi ya chai ya kutia maji mara ya tatu.
"Betri hiyo," akasema Kondo dirishani, mswaki mdomoni,
akarudi ndani haraka kuliko kawaida yake.

Fundi Chuwa wa Kimanga alitaka elfu kumi aje,
elfu tano aishtue, na kidogo cha usumbufu.
Nikamwambia niazime chaja tu,
usumbufu ninao nyumbani.

Spana namba kumi. Hasi kwanza.
Marehemu baba, dereva wa lori la saruji, alinifundisha hivi:
hasi ni mgeni rasmi,
hufika wa mwisho, huondoka wa kwanza.
Vichwa vilikuwa vimeota unga mweupe, na ukijani pembeni.
Nikavimwagia maji moto na magadi,
vikatoa povu, vikagomba, vikanyamaza.

Nikaibeba kupita sebuleni, kanga chini isinichome,
na hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba betri iliyoisha
ina uzito uleule wa iliyojaa.

Koridoni, juu ya ubao. Dirisha wazi.
"Leo hakuna kiberiti hapa," nikawaambia watoto, "wala udi."
Nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi,
ampea nne. Chaja inafika kumi,
lakini haraka huipika betri tumboni.
Luku inasoma uniti tisa.
Nikazima friji. Nikazima feni.
Februari ya Tabata ikaingia, ikakaa nasi kwenye kochi.

Kisha nikaenda kufagia gari.

Kiti cha dereva kimelazwa hadi nyuma.
Maganda ya karanga chini ya pedali, ya siku nyingi.
Swichi ya taa ya ndani, imewashwa.
Redio nayo, sauti imeteremshwa hadi mwisho wa kusikika.
Kila usiku aliniambia: naenda kuangalia vioo visiibiwe.
Nami nililala, nikamshukuru Mungu kwa mume mwenye kuangalia vioo.
Kwenye kisanduku cha dashibodi, kitambulisho chake cha kiwandani
kimeviringishwa kamba yake,
na bahasha ya mwezi uliopita.
Sikuifungua.
Barua fupi hujulikana kwa nje.

Saa nane usiku nikaamka kwa joto.
Alikuwa koridoni, amekalia ndoo,
anaisikiliza betri ikitokota
kama soda iliyofunguliwa chumba cha pili.
"Inachelewa," akasema.
"Ampea nne."
"Kwa kumi ingekuwa imeshajaa."
"Ingekuwa imeshaungua."
Sindano ilikuwa imeshuka kidogo, na huko kushuka
ndiko kujaa kwenyewe.
Nikavuta kigoda.
Luku ikaanza kulia, uniti moja na ushee.
Akatoa simu, akabonyeza, akabonyeza tena,
akaenda ukutani kuingiza tarakimu ishirini, moja moja,
akizitamka kwa kunong'ona.
Sikuuliza amezipata wapi elfu mbili.
Hakuuliza nani alifagia gari.

Alfajiri nikaifunga: chanya, halafu mgeni rasmi.
Cheche moja ndogo, ya salamu.
Kondo akashika ufunguo, akanitazama,
akauzungusha
na injini ikaitika mara ya kwanza,
majirani wote wa ukuta ule wakajua kumekucha.

Saa ya dashibodi ilikuwa imesahau kila kitu.
Inapepesa saa saba kamili, saa saba kamili.
Nikaingia upande wa abiria.
"Ipange," nikamwambia, "vitufe hivi vinanishinda."
Havinishindi. Anajua havinishindi.
Akaanza kubonyeza, dakika baada ya dakika,
akapita dakika yenyewe, ikabidi azunguke upya,
na mara hii hakuwa na haraka.
Mkono wangu ulikuwa juu ya kisanduku.
"Tusizime kwanza," akasema.
"Tusizime," nikasema. "Haya, nieleze."